Tupeane uzoefu: jino la kuziba linadumu vipi kwa mtu wa enaji na ndimu?

Habari zenu wakuu. Naomba tupeane uzoefu maana naona wengi tunalipitia hili halafu tunamlaumu daktari. Mimi ni boda wa Igoma, Mwanza, mwaka jana niliziba gego la chini kwa ile sementi nyeupe, nikasema basi yameisha. Miezi nane tu ulimi ukaanza kukuta ngazi, yaani kingo za jino zipo juu, sementi katikati imeshuka, dagaa akiingia pale hatoki mpaka njiti. Nikarudi na hasira zangu nikijua nimewekewa kitu feki. Daktari hakubishana, akaniuliza tu kijiweni unakunywa nini. Enaji mbili kwa siku. Na chupa moja unaimaliza kwa muda gani? Hapo ndo nikanyamaza, maana chupa moja nakaa nayo hata masaa matatu, funda, abiria, funda, abiria.

Akaniambia ile sementi ni glasi ayonoma, unga wa kioo uliokorogwa na asidi laini, vikashikana kwa madini ya kalsiamu na aluminiamu. Sasa asidi ya sitriki, ile ya kwenye ndimu na machungwa, ambayo wanaiweka pia kwenye enaji, inayakamata hayo madini na kuyatoa. Uso wa sementi unalainika, ukitafuna au ukipiga mswaki unalika kidogokidogo. Enaji nyingi pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikiwa kidogo ndo asidi kali zaidi, ni kama 3, na jino lenyewe linaanza kuyeyuka ikishuka chini ya 5.5. Mate yanarekebisha ila yanataka muda, na mimi kila dakika kumi nayavurugia kazi. Kumbe hiyo hiyo chupa ningeinywa na chakula nikaimaliza, afadhali ingekuwa kubwa sana. Kilichoniumiza ni kwamba sikuambiwa siku ya kwanza. Haya, na nyie wenzangu?

Mama wa Ukerewe: Pole baba. Mimi sio soda, ni mimba. Nilitapika miezi minne mfululizo, na kila nikitapika nakimbilia mswaki kwa sababu ya ule uchachu mdomoni. Meno ya juu kwa ndani yakawa laini kama yamepigwa msasa, na sehemu niliyozibwa pembeni ikafunguka, chai ya moto nikiinywa naruka. Nesi wa kliniki ndo akaniambia mwanangu, ukitapika sukutua kwa maji tu, mswaki subiri angalau nusu saa, kwa sababu asidi ya tumbo imeshalainisha jino na wewe unakuja kulisugua. Na huku kwetu machungwa ndo yetu, nilikuwa nanyonya moja baada ya jingine kuzuia kichefuchefu. Natamani mjamzito yeyote anayesoma hapa alijue hili mapema.

Mvuvi Kirumba: Mimi nina la zebaki, lile la rangi ya chuma, miaka kumi na tano sasa. Lenyewe halijaguswa, jino ndo limeisha! Nina kiungulia cha usiku cha muda mrefu, asidi inapanda nikilala. Nimejiangalia kwenye kioo cha pikipiki, jino pembeni limeshuka, ile zebaki imebaki imesimama peke yake kama Jiwe la Bismarck, lile jiwe lililosimama pale ziwani Mwanza. Daktari akasema hiyo alama wanaijua, akanituma kwanza nikatibu tumbo, akasema nikiziba upya bila kutibu tumbo ni kazi bure.

Dada wa Nyegezi: Wangu ana miaka 9, kazibwa mawili. Embe bichi na chumvi na ndimu kila akitoka shule. Ya kwanza haikufika mwaka.

Boda Igoma: Asanteni jamani. Mama wa Ukerewe umenigusa, wife ni mjamzito na anatapika, nimemsomea maneno yako sasa hivi. Mimi nimezibwa tena kwa kompoziti, ile ya plastiki ngumu yenye rangi ya jino, inavumilia asidi kuliko ile ya kwanza ila daktari kasema kingo za jino kuizunguka bado zinaliwa kama kawaida. Kwahiyo enaji ni moja, na chakula cha mchana, halafu nasukutua na maji. Kijiweni sasa nina chupa ya maji. Mvuvi, hilo tumbo umeshaenda kulitibu?