Tupeane uzoefu: wasanii tusio na lebo, watu wanajuaje kama umeachia wimbo?

Mzee wa Vokali

Wakuu, salaam. Nina ngoma mpya inatoka Ijumaa ijayo Mungu akipenda, na kama kawaida sina meneja, sina lebo, sina mtu wa mitandao. Mchana nauza kava za simu Kariakoo, jioni nakwenda studio Sinza kumsubiri prodyuza amalizane na wateja wenye hela kunizidi. Kurekodi siku hizi si kazi. Kazi ni kwamba wimbo unatoka na mtaa wa pili hawana habari. Unaweka stetasi, wanaitazama wengi, nusu wanajibu "hongera kaka, kaza buti", ukiuliza nani kausikiliza mpaka mwisho, kimya.

Tupeane uzoefu wa kweli, si zile za "jitume, njia itafunguka". Habari zako unazifikishaje? Kati ya wimbo na wimbo unawaambia watu nini? Na mambo ya nyumbani unayaanika au unayafungia ndani? Mashabiki nanyi karibuni, tena nyie ndio tunaowahitaji.

Fundi Simu wa Mbagala

Mkuu, mimi ni mtu wa singeli na riziki yangu ni kibanda. Natengeneza simu, nauza chaja, naingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Watu wa mjini mnadhani hii biashara imekufa kwa sababu kila mtu ana bando. Njoo uwaone bodaboda, bajaji, mama ntilie mwenye spika ya flashi. Mtu anakuja, "nijazie singeli mpya", hachagui hata moja, anakuachia flashi anakwenda kunywa chai. Hapo ndipo kituo changu cha redio kilipo.

Siri ni moja: wimbo wako usiuweke mwanzo wa folda. Ukiwa wa kwanza anauruka, anajua umejipendelea. Mimi nauweka wa nne au wa tano, katikati ya ngoma ambazo lazima azisikilize. Baada ya siku kadhaa mtu yule yule anarudi, "oya, ule unaosema hivi na hivi ni wa nani?" Nikimwambia ni wangu haamini mpaka nimchanie pale pale mezani na bisibisi mkononi.

Hela haitoki huko, nisiwadanganye. Inatoka kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku, na harusi, pale wanapokuita kwa kuwa watoto wa mtaa wameshaushika wimbo. Video nawapa makonda wa mabasi ya kusini. Safari ya Dar mpaka Masasi abiria hana pa kukimbilia, atakutazama tu.

Nyumbani? Nashinda kibandani, kila mtu ananiona nakula nini. Sina cha kuficha wala cha kutangaza.

Sauti ya Kwaya

Bwana asifiwe. Sisi waimbaji wa injili tuna njia yetu ambayo ninyi wa bongofleva mnaicheka, lakini ndiyo iliyonilipia studio yote: uzinduzi.

Miezi kadhaa kabla, unaunda kamati. Kadi za michango zinatembea, kwaya alikwa zinaandikiwa barua, mchungaji anatangaza baada ya sadaka. Jambo kubwa ni mgeni rasmi. Kila mtu anakimbilia kiongozi mwenye cheo. Mwenye cheo mara nyingi anatuma mwakilishi na bahasha nyembamba. Mimi nilimwomba mfanyabiashara wa mpunga kutoka Mbarali, mzee wa kanisa, mtu asiyependa kushindwa mbele za watu. Alikuja na rafiki zake wa mashineni. Flashi ya kwanza ikanadiwa, wakaanza kushindana wenyewe kwa wenyewe, na kitu cha elfu kumi na tano kikafika laki kadhaa. Wakanunua nyingine wakazigawa kwa wajane.

Ila pigeni hesabu ya chakula. Kwaya alikwa zinakula jamani! Na spika za kukodi, na usafiri wa kurudisha watu usiku. Mwenzangu alizindua ukumbini kwa shangwe, akabaki na madeni ya wali.

Baada ya hapo habari zangu hazipiti kwenye simu sana. Napita mitaa na sharika, naimba misibani bila kuombwa hela. Nikisema mwezi wa kumi na mbili kuna wimbo, wanakuwa wameshanijua sura na sauti.

Mzee wa Vokali

Dada, hilo la mgeni rasmi nimelipenda. Sisi wa mapenzi na starehe tukamwombe nani, muuza bia?

Fundi Biti

Mimi nakaa upande wa pili wa kioo, naona mnavyoingia na mnavyotoka. Nitasema mambo makavu kidogo, mnisamehe.

Makaratasi. BASATA, baraza la sanaa la taifa, ipo kwa sheria ya 1984 na msanii anatakiwa ajisajili. Kazi zenyewe zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ambao wanafanya kazi chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999. Wengi mnaona ni usumbufu. Siku kampuni inataka kipande chako kwenye tangazo, swali la kwanza ni la vyeti, na hawatakusubiri.

Biti za kununua mtandaoni nazo zina lao. Alikuja binti mmoja hapa, wimbo wake ulikuwa unapanda vizuri YouTube, ghafla mapato yakazuiwa. Biti alinunua kihalali, lakini leseni ilikuwa ile ya bei rahisi ambayo biti hiyo hiyo inauzwa kwa wengine. Mmoja wa hao wengine, yuko nchi ya mbali kabisa, akausajili wimbo wake kwenye Content ID, ule mfumo wa YouTube wa kutambua sauti. Mashine haijui leseni, inajua sauti. Ikasikia biti ile ile ikasema wimbo wa binti ni wa yule bwana. Tukapinga dai, tukaambatanisha leseni na risiti, likaondolewa. Lakini wimbo ulishapoa. Kama biti si yako peke yako, wewe usiisajili huko, na risiti itunze kama cheti cha kuzaliwa.

Mzee wa Vokali, umesema Ijumaa ijayo. Umeshaupeleka kwa msambazaji, yule anayeziingiza nyimbo kwenye mitandao ya kusikiliza kama Spotify? Spotify wanataka uwaletee wahariri wao wimbo angalau siku 7 kabla haujatoka, ndipo uwe na hakika ya kuingia kwenye orodha ya nyimbo mpya ya wanaokufuata. Na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi kitu kwao. YouTube nako, mgao wa matangazo unataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Kwa hiyo mnaotoa nyimbo sita kwa mpigo ili "kujaza soko", mnagawanya wasikilizaji wachache mlionao.

Halafu ule mjadala wa nani kaandika kiitikio ufanyike kabla ya kurekodi. Hata kwenye WhatsApp, andikeni asilimia, kila mtu ajibu "sawa". Nimeona marafiki wa utotoni wakisalimiana kwa mawakili.

Mwana Likoni

Mie naimba taarabu na chakacha, nipo Mombasa. Naona nyinyi mwahangaika sana na mashine, mie habari zangu zapelekwa na kina mama.

Wimbo mpya naupeleka harusini kabla sijaurekodi. Nikifika ubeti wa pili nikaona wameinuka na noti waja kunitunza, najua huo wa studio. Wakibaki vitini wapiga soga na kupepea kanga, naurudisha nyumbani nikaupike tena. Studio yataka pesa, harusi wanilipa mie.

Wakiupenda, hujaufikisha nyumbani ushatangulia. Kuna bibi amerekodi kwa simu, ametia kwenye kundi la chama chao, na asubuhi naulizwa "ule wa jana wauza wapi?" Nimeutia Skiza pia, ile huduma ya milio ya Safaricom, mtu abonyeza *811# auchukua uwe mlio wa anayempigia. Mama mmoja aliniambia ameuweka kusudi, ili wifi yake akipiga simu ausikilize wote kabla hajapokelewa. Tangazo gani lashinda hilo?

Jambo jingine, kalenda. Ramadhani sitoi kitu, wala sisemi nimefanya nini, natia dua na mapishi tu. Watu washajua: huyu akinyamaza, Idi ana jambo. Idi mosi, Idi pili, hapo ndipo pesa ilipo kwetu pwani.

Msikilizaji Tu

Mimi siimbi hata bafuni, ila mashabiki tumekaribishwa. Naomba kusema ukweli: neno "sapoti" limetuchosha. Msanii miezi minane kimya, mwezi wa tisa anaibuka, "familia, sapoti basi, gusa linki". Familia ipi?

Kuna dada mmoja namfuata, sitamtaja. Anasimulia vitu vidogo tu. Leo uzi wa gitaa umekatika na dukani hakuna. Leo mvua imenyesha bati likaharibu rekodi nzima. Leo mtoto wa jirani kashika kiitikio lakini anakosea maneno, na makosa yake ni mazuri kuliko maneno yenyewe, kayabakisha. Wimbo ulipotoka nilikuwa nimeshaujua nusu, niliutafuta mwenyewe bila kuombwa.

Ila huyo huyo dada tulimwona tumbo linakua, tukauliza, hakujibu. Sasa kama sisi ni watu wake, mbona anatuficha? Na baba ni nani?

Dada wa Gitaa

Msikilizaji, nusu ya kwanza nimekuelewa. Nusu ya pili, hapana. Naweza nikawa ndiye huyo dada au nisiwe, haijalishi.

Mimi nipo Arusha. Napiga kwenye mahoteli wikiendi, nyimbo za wageni zile mnazozijua, na katikati napenyeza mbili zangu. Siku za kazi nafundisha watoto gitaa. Muda mrefu niliposti kila kitu: nyumba, uchochoro, duka la mama yangu. Siku moja kijana nisiyemjua akafika dukani kwa mama, akanunua soda, akakaa. Akakaa mpaka jioni. Hakufanya kitu, alikuwa anasubiri nipite. Mama aliogopa kufungua duka kesho yake. Tangu hapo nikatenga: kazi yangu yote njooni muione, hata nikikosea, hata nikilia kwa uchovu. Mama yangu, mtoto wangu na mlango wangu hapana. Mtoto hakusaini mkataba na nyie.

Na msifikiri kwamba ukifunga hayo unakosa cha kusema. Mazoezi peke yake yana hadithi za mwaka mzima. Nilipoanza kuwania nafasi Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Zanzibar linalofanyika Februari tangu 2004, kule hawataki plei beki, ni laivu tupu. Kwa hiyo ilibidi nipate bendi. Mpiga besi ni fundi seremala, akipata oda ya vitanda hatumwoni. Mpiga ngoma anakaa Usa River na daladala ya mwisho haimsubiri. Nilikuwa nawasimulia watu haya kwa sauti, ujumbe wa dakika mbili hivi wa WhatsApp, Jumapili jioni. Watu walianza kuniuliza, "seremala kamaliza vitanda?" Bado sijapata nafasi Zanzibar. Lakini shoo yetu ya kwanza ya laivu hapa mjini walikuja kumwona seremala.

Kiufundi: natumia orodha ya matangazo, siyo kundi. Kundi linageuka la salamu za asubuhi na picha za maua. Orodha moja inabeba watu 256, na asiyehifadhi namba yako haupati ujumbe, kwa hiyo kila shoo namwomba mtu atoe simu aandike jina langu pale pale. Anayekuona ana kwa ana akahifadhi namba, huyo hapotei. Nimezoea sauti kuliko maandishi kwa sababu watu wanasikiliza wakipika.

Msikilizaji Tu

Dada nimekoma. Hilo la dukani sikuwahi kulifikiria. Vitanda alimaliza lakini?

Dada wa Gitaa

Alimaliza. Ameletewa oda ya kabati.

Msimu wa Korosho

Naongezea la kalenda, maana Mwana Likoni kagusa penyewe. Niko Mtwara. Wasanii wa Dar wakubwa wanalijua hili, nyie wadogo hamlijui: minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi, vijijini huku hela inatembea. Newala, Tandahimba, Masasi, watu wananunua pikipiki na redio kubwa. Msanii anayekuja Machi anaimbia viti. Anayekuja Novemba, hata hajulikani, atajaza uwanja kwa kiingilio kidogo, mradi alete wacheza shoo na asichelewe. Nina hakika wenzetu wa tumbaku Tabora na wa pamba Shinyanga wana tarehe zao.

Tena wimbo utangulie. Watumie madereva wa malori na wauza flashi wiki kadhaa mapema. Jina lako halitajulikana ila kiitikio kitakuwa kimefika.

Fundi Simu wa Mbagala

Naam! Ndicho ninachosema.

Mzee wa Vokali

Wakuu, nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimempigia prodyuza, Ijumaa ijayo nimeifuta, naupeleka kwa msambazaji wiki hii na tarehe nimeisogeza mbele mpaka baada ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa na mishahara. Asilimia na aliyenisaidia kiitikio tumeandikiana leo mchana, kataka zaidi ya nilivyotegemea, tumekubaliana. Na kuanzia kesho naanza kusimulia mambo ya Kariakoo, maana wateja wangu wana vituko kuliko nyimbo zangu. Mke wangu kasema yeye asitajwe. Nimeshamtaja, hapa ni mwisho.

Fundi Simu, Jumamosi nakuletea flashi. Kibanda kiko upande gani wa Rangi Tatu?

Fundi Simu wa Mbagala

Ukishuka stendi ulizia fundi wa singeli, watakuleta. Njoo na ngoma ikiwa MP3, jina la faili liwe jina la wimbo na jina lako. Usiniletee "final final mpya 3".