Nataka kwenda ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, kama mhakiki, si mtalii. Nianzie wapi?

Fundi_wa_Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi simu, niko Ngamiani, Tanga. Filamu nimezijulia kibanda umiza, tukibanana kwenye mabenchi, mtafsiri anabwata juu ya sauti ya Mchina, na ukiuliza stelingi ni nani unazomewa na kibanda kizima. Nimekua, ugonjwa haujaniacha. Kila filamu ninayoangalia naiandika daftarini. Sasa niko daftari la tatu. La kwanza limeliwa na mende.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaandika uhakiki kamili wa filamu ya Vuta N'Kuvute, ile iliyotokana na riwaya, kurasa nne, nikampelekea jamaa mwenye tovuti ya burudani. Jibu lake: "Ndefu." Basi, hakuna la ziada. Nimeuambatisha hapa mjionee.

Safari hii nataka kuvuka kwenda ZIFF, na niende kufanya kazi, si kupiga picha na mlango wa Ngome Kongwe. Bila cheti cha uandishi wa habari watanipa kitambulisho? Na huo uhakiki, kasoro yake ni urefu kweli?

Nawasilisha.

Bi_Mkubwa_Vuga:
Mwanangu, nimeusoma wote. Urefu si tatizo. Tatizo umenirudisha kazini.

Nimesomesha Kiswahili miaka 22. Nilipoona "dhamira kuu", "ujumbe", "falsafa ya mwandishi", "wahusika na sifa zao", mkono ukaanza kutafuta kalamu nyekundu. Hujahakiki filamu, umejibu swali la fani na maudhui. (Lawama nyingine ni zetu sisi walimu, najua.) Kisha nikahesabu: aya tisa, nane zinazungumzia riwaya ya Adam Shafi. Filamu ya Amil Shivji imeambulia aya moja, nayo inasema "picha ni nzuri". Nzuri vipi? Mhusika Denge wa kitabuni ulimchora mwenyewe kichwani ulipokuwa kidato cha sita. Huyu wa kwenye filamu kuna mtu kaamua asimame wapi, mwanga umpige upande gani, anyamaze kwa muda gani kabla ya kujibu. Andika hayo. Mambo ya kitabu yatajitokeza yenyewe pale yanapohitajika.

Nakwambia kwa sababu na mimi nilipita humo humo. Mwaka 2011 gazeti moja lilinipa kona ya kuandika habari za tamasha, nikajiona nimefika. Nikawa naangalia filamu tano kwa siku, natoka hii kabla haijesha niwahi ile. Moja niliiacha imebaki kama robo saa, nikaandika kwamba kisa cha yule mtoto "kimeachwa kinaning'inia". Kesho yake niko Forodhani na bakuli langu la urojo, akanijia mwongozaji mwenyewe, kijana mpole, akanishukuru kwa kumwandika. Halafu akaniuliza: "Na mtoto alivyorudi mwishoni, Bi, hukumwelewa?"

Mimi hata sikujua kama mtoto alirudi. Urojo ukanipoa mkononi.

Tangu siku ile filamu tatu kwa siku, haizidi hata moja, na siinuki mpaka jina la mwisho lipite. Na naandika usiku ule ule, hata mistari kumi, kwa sababu ikifika siku ya tatu filamu zinaingiliana: unakuja kumsifu mpiga picha wa hii kwa bahari aliyoipiga wa ile.

Sasa kuhusu tamasha lenyewe. Lilianza 1998 na lilijiita la Nchi za Jahazi, kwa hiyo usishangae ukikuta filamu ya India, ya Iran na ya Komoro katika ratiba moja. Miaka mingi lilikuwa likiangukia Julai au karibu yake, lakini siku hizi tarehe zinahama, zitazame kabla hujakata tiketi ya boti. Maonyesho ya usiku ni ya wazi, ndani ya Ngome Kongwe, na huwezi kuanza kabla jua halijazama maana pazia halionyeshi kitu. Unakaa kwenye ngazi za mawe. Chukua kitu cha kukalia na kitu cha kujifunika. Upepo wa kusi ukikupata pale saa nne ya usiku utajuta. Adhana ya isha ikiingia katikati ya mazungumzo, soma maandishi ya chini na usubiri.

Lakini mimi elimu yangu kubwa sikuipatia Ngomeni. Tamasha lilikuwa likipeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba. Mwaka mmoja nilifuatana nao hadi kijiji kimoja cha kaskazini. Palikuwa na filamu ambayo mjini tulikuwa tumeipigia makofi ya heshima, mimi nimo, nikaiita "picha halisi ya maisha ya mvuvi". Kule, mvuvi wa kwenye filamu aliposhika wavu, kijiji kizima kikaangua kicheko. Bibi mmoja pembeni yangu akasema, "Huyu anakunja shuka." Na kweli! Nilikuwa nimeiona mara mbili nisilitambue hilo.

Kitambulisho: omba mapema, ambatisha ulivyokwisha kuvichapisha, hata kama ni kwenye ukurasa wako mwenyewe. Wakikunyima, lipa kiingilio. Aliyelipa anaichukia filamu kwa raha zake.

Njugu_na_Kiti_cha_Nyuma:
Salamu kutoka Mombasa. Naongezea tu: ukishapata maandishi matano sita ya kuonyesha, itazame Talents Durban, programu ya mafunzo kwa vijana wa filamu. Hufanyika pamoja na tamasha la filamu la Durban kule Afrika Kusini, kwa ushirikiano na Berlinale, tamasha la filamu la Berlin, na wamekuwa na nafasi za wahakiki chipukizi wa Afrika, si waongozaji pekee. Mimi wamenikataa mara mbili. Sijutii, kwa sababu kutafuta sampuli za kuwatumia ndiko kulikonifanya nimalize makala zilizokuwa zimelala kwenye simu mwaka mzima.

Mshika_Kipaza:
Ngoja niwaseme kidogo. Mimi ni mtu wa sauti, bongo muvi, mwaka wa tisa huu. Kila mhakiki anaandika "sauti mbovu" halafu anahamia kwenye mavazi. Hamuulizi kwa nini. Nyumba mmepewa siku mbili, jirani ana mashine ya kusaga, mwenye nyumba anataka feni iwake, na mtayarishaji anakwambia tutarekebisha kwenye uhariri. Andikeni mbovu, sawa, ni mbovu. Lakini sema ni mbovu wapi: mwangwi wa chumba, au maneno yamepandikizwa baadaye? Hiyo itanisaidia kubishana na mtayarishaji.

Bi_Mkubwa_Vuga:
Mshika_Kipaza, nimekubali kosa. Mimi ni mmoja wa waliohamia kwenye mavazi.

Fundi_wa_Ngamiani:
Bi Mkubwa, shikamoo. Nimesoma mara tatu, nikakasirika kidogo, nikalala. Asubuhi nimefuta kurasa tatu na nusu.

Niliiangalia upya jana usiku sebuleni. Nimeanza hivi, niambieni:

"Mama yangu alikuwa pembeni anachambua mchicha, amegeuzia filamu mgongo. Ni mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, ameolewa Tanga miaka 30 iliyopita. Hakuinua kichwa mpaka alipowasikia wanavyozungumza. Akageuka, kisu mkononi, akasema: Hawa wa kwetu. Mchicha haukumalizika usiku ule."

Baada ya hapo nimekwama. Sijui niseme nini juu ya mwanga.

Bi_Mkubwa_Vuga:
Marahaba. Muulize mama aliona nini alipogeuka. Na ukija, usisahau sweta.