Naomba ushauri: nafanya kazi ya ustawi wa jamii wodi ya kansa huku Kanada, familia ya wenyeji asilia wananiogopa

Binti Kalenga:
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu kidogo mnisamehe, nimekaa nao wiki nzima silali vizuri.

Mimi ni dada wa Iringa, niko Winnipeg jimbo la Manitoba mwaka wa nne sasa. Nimesomea ustawi wa jamii nyumbani nikaja kumalizia huku, na miezi 5 iliyopita nimepata kazi hospitalini upande wa wagonjwa wa kansa. Kazi yangu ni yale mambo yote yasiyo ya sindano, nauli, pa kulala, fomu, nani kabaki na watoto, mgonjwa mwenyewe anataka nini. Wengi ninaoonana nao ni wenyeji asilia, Wacree na Waanishinaabe, wanaletwa na ndege ndogo kutoka vijiji vya kaskazini ambako barabara inapatikana msimu wa baridi tu, maji ya ziwa yakishaganda magari yanapita juu ya barafu.

Sasa kuna bibi mmoja Mcree (nimebadilisha vitu ili asijulikane), kansa ya utumbo, kemo (dawa kali za kuua kansa) kila baada ya wiki mbili. Nikaingia chumbani na faili langu, kitambulisho shingoni, nikataja kazi yangu, nikaanza fomu. Swali la tatu linauliza nyumbani kwako kuna watoto wangapi wa chini ya miaka 18 na sasa hivi wanaangaliwa na nani. Jamani chumba kikanyamaza. Binti yake akanyanyuka bila neno, akawavalisha wajukuu wawili makoti, yule mdogo kiatu kimoja hata hakijafungwa, akatoka nao. Bibi akageukia dirishani. Nimekaa pale kama dakika kumi naongea na mgongo wake.

Baadaye mwenzangu kazini ambaye ni Mcree akanishika mkono kwenye korido akaniambia, wewe unajua umeenda kusaidia, wao wameona mtu wa kuchukua watoto.

Darasani nilisoma. Nilisoma kwamba watoto zaidi ya 150,000 walipelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, wakinyang'anywa lugha yao, na za mwisho zimefungwa miaka ya 1990 tu hapa. Na kwamba kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980 maafisa ustawi, yaani watu wenye cheti kama changu, waliingia vijijini wakabeba watoto wakawagawa kwa familia za Wazungu, wengine mpaka Marekani, huku wanaita Sixties Scoop. Mpaka leo hapa Manitoba watoto walio mikononi mwa serikali karibu 9 kati ya 10 ni wenyeji asilia na wakati hawafiki hata robo ya watu wa jimbo. Nilijibia mtihani nikafaulu. Lakini nilipoona kile kiatu hakijafungwa ndo nimeelewa.

Na kinachoniuma zaidi, nilijua ngozi yangu itanisaidia. Nilijua wataniona ni mtu niliyetawaliwa kama wao.

Naomba ushauri kwa mambo matatu. Narudije kwa huyu bibi? La pili, anataka kuacha kemo mwisho wa Aprili arudi kwao kwa sababu bata bukini wanarudi na familia nzima inatoka kwenda kuwinda, binti yake hataki kabisa kusikia, analia. La tatu, wameomba kufukiza majani yao chumbani na msimamizi wa zamu akakataa, eti king'ora cha moto. Nawasilisha.

Mtu wa Tandale:
Pole sana dada. Mimi nakushauri rudi umwambie wazi bibi, hata sisi weusi tumeteswa, tumepelekwa utumwani, tumetawaliwa, tuko pamoja. Atakuelewa tu, wazee wanajua.

Nesi wa Regina:
Mtu wa Tandale nakuheshimu lakini hapo hapana kaka. Niko wodini jimbo jirani la Saskatchewan mwaka wa 11, nimewahi kuifanya hiyo hiyo, mzee mmoja wa Kicree akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza taratibu, "na wewe una kwenu pa kurudi?" Nikakosa jibu maana ninapo. Yeye kwao ndo hapa hapa na ndo pameshachukuliwa. Dada usianze na mateso yako, mtu anaumwa, usimbebeshe na ya kwako.

Hili jambo tunaloita usalama wa kitamaduni lilisukumwa na nesi wa Kimaori wa Nyuzilandi, Irihapeti Ramsden, mpaka 1992 likaingizwa kwenye mafunzo ya manesi kule. Kiini chake ni kwamba anayesema kama huduma ilikuwa salama ni mgonjwa. Wewe unaweza ukawa mpole, una tabasamu, umevaa hata shanga zao, kama bibi kageukia dirishani basi haikuwa salama. Na hilo halikufanyi mtu mbaya. Wewe umevaa kitambulisho na nyuma ya hicho kitambulisho kuna watu wengi walipita kabla yako, bibi amewaona wote.

Kurudi: usirudi na fomu. Mwombe kwanza yule mwenzako Mcree au mfanyakazi wa huduma za wenyeji asilia hapo hospitalini akuulizie kama bibi anakutaka. Akikataa, kubali, apewe mtu mwingine na isiandikwe kwenye faili kwamba "hatoi ushirikiano", hilo neno limeumiza watu wengi. Akikubali, mwambie mapema kabisa kilichokupeleka na kisichokupeleka. Mwambie lile swali la watoto lilikuwa la nini (kama ni la nauli na msindikizaji sema ni la nauli), na mwambie ukweli pia kwamba sheria inakulazimu kuripoti ukiona mtoto anadhurika, usimfiche hilo halafu aje kuligundua. Mwoneshe unachoandika. Mimi huwa nageuza kabisa skrini mgonjwa asome.

Halafu usishangae akiwa anaangalia mlango mlango. Hapo hapo Winnipeg mwaka 2008 Brian Sinclair, mwenyeji asilia, alikaa kwenye kiti cha magurudumu masaa 34 chumba cha dharura bila kutibiwa mpaka akafariki, watu wakidhani ni mlevi au amekuja kujikinga na baridi. Kila familia inajua hiyo habari. Ndo maana wanakuja wengi chumbani, wale ni walinzi wa mgonjwa, usiwahesabu kama wageni waliozidi.

Kuhusu kemo nitarudi, naingia zamu.

Ole wa Simanjiro:
Mimi siko Kanada niko hapa hapa ila naomba nichangie maana limenigusa.

Mama yangu aliugua kansa ya koo. Tulimpeleka hospitali moja kubwa. Afisa ustawi alikuja, Mtanzania mwenzetu, mweusi kama sisi, Kiswahili safi. Akasimama miguuni pa kitanda akaanza kumuuliza mama mbele yetu sisi wanawe wakubwa tumeshatahiriwa, umezaa mara ngapi, mume wako ana wake wangapi, ng'ombe wangapi, ili ajue kama tunastahili msamaha wa malipo. Mama akajibu ndiyo. Kila swali ndiyo. Akaandikiwa kwamba ameelewa ugonjwa na amekubali tiba. Mama alikubali kila kitu na hakuelewa kitu.

Aliyetusaidia ni mama mmoja msafishaji, Mmaasai, aliweka ndoo chini akaja akamsalimia mama kwa salamu yetu, akamuuliza ametoka boma gani, mvua ikoje, mifugo ikoje, akakaa chini kabisa sakafuni. Ndo mama akasema kwa mara ya kwanza kwamba hawezi kumeza hata maziwa, na kwamba anaogopa ile mashine ya mionzi akidhani atafungiwa humo ndani.

Kwa hiyo dada rangi haisaidii kitu. Hata hapa kwetu wewe Mhehe ukija kwangu na kalamu, mimi naona kalamu. Kaa chini. Acha bibi akuulize wewe kwanza, ukoo wako ni upi.

Mwana wa Bukavu:
Jambo dada, mi niko hapa Winnipeg pia tangu 2014, nafanya kazi nyumba moja ambamo wagonjwa wa kaskazini wanalala wakija matibabu. Nakuambia mambo ya chini chini ambayo wakubwa hawaoni.

Angalia ile ya msindikizaji. Mpango wa afya wa serikali kuu kwa First Nations (ndo hao Wacree, Waanishinaabe na wenzao) na Inuit (wenyeji wa kaskazini kabisa) unalipa ndege na kulala, na msindikizaji pia lakini mpaka waidhinishe (Métis, wenye asili ya wenyeji na Wazungu, hawamo kwenye huo mpango, usije ukawaahidi). Nimeona mama wa miaka 70 anafika hapa peke yake usiku, Kiingereza kidogo, begi moja, kwa sababu karatasi ya msindikizaji imesema hakuna haja. Barua ya daktari ikiandika vizuri, lugha, umri, anatapika baada ya kemo, hawezi kusaini bila mtu wa kumtafsiria, mara nyingi inapita. Wewe ndo ukimbizane na hiyo barua dada. Hapo ndo watakuamini, nauli ya binti yake ikitoka.

Na chakula. Hawali kile cha hospitali, wanamiss nyama ya moose (mnyama wa porini mwenye pembe) na samaki wa kwao. Uliza tu kama jamaa zao wanaruhusiwa kuleta.

Nesi wa Regina:
Nimerudi. Bata bukini.

Dada hiyo siyo likizo. Kwa Wacree wa kaskazini msimu wa bata wa majira ya kuchipua ndo watoto wanafundishwa, familia inakaa kambini pamoja, bibi anachuna manyoya na wajukuu wanatazama mikono yake. Huyu bibi ukimsikiliza vizuri hajasema anataka kufa, anataka kuwepo. Sasa wewe umepeleka kwa daktari sentensi "mgonjwa anakataa tiba" au umepeleka "mgonjwa anaomba kuwa nyumbani tarehe hizi mpaka hizi"? Ni vitu viwili tofauti kabisa. Kemo ya kila wiki mbili mara nyingine daktari anaweza kusogeza mzunguko au kuruka mmoja, kwa mionzi ni vigumu zaidi, ila aamue daktari na bibi, wewe usiahidi. Uliza pia akipata homa kule nani atampokea, kituo cha manesi cha kijijini kiwe na karatasi zake kabla hajapanda ndege.

Kuhusu binti usimgeuze adui. Anamwogopea mama yake. Na fomu ina mstari mmoja tu wa ndugu wa karibu, kwao kama kwetu dada wa mama ni mama, uliza nani mwingine anatakiwa awepo kwenye hicho kikao.

Kufukiza, kwa walioko pwani wataelewa haraka, ni kama ubani. Wana sage (majani ya kunukia), nyasi zenye harufu tamu, mwerezi na tumbaku. Hospitali nyingi huku siku hizi zina chumba chenye hewa ya kutoa moshi au utaratibu wa kuzima king'ora kwa muda, tafuta mwongozo ulioandikwa wa hospitali yenu maana msimamizi wa zamu mara nyingi haujui. Kitu kimoja tu usikilegeze, oksijeni ikiwa inatembea hakuna moto, hapo waambie sababu, wazee watajua la kufanya, wapo wanaoweka sage bila kuwasha karibu na mto. Ile tume ya Kanada ya ukweli na maridhiano, iliyochunguza zile shule za bweni, mwaka 2015 ilitoa wito 94, wa 22 unasema tiba za asili zitambuliwe pale mgonjwa anapoomba. Na wito wa kwanza kabisa katika zote 94 unawahusu watoto kuchukuliwa, yaani unatuhusu sisi na nyie.

Tumbaku ukiambiwa umpe mzee ukimwomba msaada, mpe. Usianze somo la sigara na kansa.

Binti Kalenga:
Wakuu nimerudi na mrejesho, asanteni sana, Ole wa Simanjiro nilisoma ya mama yako nikalia, pole sana kaka.

Mwenzangu Mcree alinitangulia siku mbili. Bibi akasema nije. Nimeacha faili ofisini. Nikamwambia kuhusu lile swali, kwamba lilikuwa la nauli, kwamba nilipaswa kusema hivyo kabla ya kuuliza, na nikamwambia na lile la sheria. Akanyamaza muda mrefu na mimi nikanyamaza. Halafu akauliza bibi yangu ni nani. Nikamweleza bibi wa Kalenga, anavyopepeta mahindi, anavyotufukuza jikoni. Akaniuliza yuko hai? Nikasema hapana. Akaniambia nimwite kookum, yaani bibi, kama wanavyomwita wajukuu.

Daktari amekubali kuruka mzunguko mmoja, kituo cha manesi kimeshapewa taarifa. Binti bado hajakubali moyoni, kikao ni Alhamisi, anakuja na dada wa mama yake kutoka kijijini kama nauli itapita, barua ya daktari nimeituma jana mara mbili. Kufukiza wamepata chumba ghorofa ya chini.

Jana nimepita kumpa tarehe ya ndege. Wajukuu walikuwepo, makoti yametundikwa. Yule mdogo alikuwa chini ya kitanda anachora bata nyuma ya fomu yangu, ile ya siku ya kwanza, sijui aliitoa wapi, sikumuuliza.