Mashua ya marehemu baba, futi 28: niweke injini gani badala ya Perkins?

Mwana wa Gazi (Umoja, Nairobi)

Salaam wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaojua, kwa sababu pesa niliyo nayo ni ya kununua injini mara moja tu.

Mashua ni ya mbao, futi 28, tezi (nyuma) bapa, iko juu ya magogo kule Gazi, Kwale. Baba aliivulia nguru na jodari mpaka alipofariki. Ami yangu na binamu zangu wanataka irudi majini kabla ya msimu wa Kaskazi. Seremala ameshabadilisha mataruma (mbavu za mashua) yaliyooza, kalafati (kuziba nafasi kati ya mbao) inaendelea, mkuku (uti wa chini) ni mzima. Shida ni moyo wake: injini ya dizeli, Perkins 4.108, iliyoingiwa na maji ya chumvi kupitia ekzosi. Imekwama kabisa, haizunguki hata kwa spana ya mkono mrefu.

Kwa kuwa mimi ndiye niliye Nairobi, kutafuta injini kumeniangukia mimi. Kirinyaga Road nimeonyeshwa Isuzu 4JB1 ya lori kutoka Japani. Inawaka vizuri, na bei yake naiweza. Ami anataka mashine mbili za kupachika nyuma, Yamaha za nguvu farasi 40 kila moja, ili wawahi soko. La tatu ni dizeli ya baharini, Yanmar 3YM30 ya silinda tatu, farasi 29. Hiyo ni ghali, na nyumbani wanasema haiwezi kusukuma chombo kama kile.

Chombo hiki kitalisha nyumba tatu. Nichukue ipi?

Fundi Dizeli (Kariobangi Light Industries)

Pole kwa kuondokewa na mzee. Nimefunga injini za vyombo vya pwani na vya Naivasha, na swali lako nalipenda kwa sababu wengi huuliza farasi ngapi kabla hawajapima chombo.

Anza na mbao zako. Mashua nzito hukata maji, haipandi juu yake, na ina kikomo cha mwendo ambacho pesa haikivunji. Pima urefu wa chombo pale maji yanapofika, kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Futi 28 juu huenda zikawa 25 kwenye maji. Kipeuo ni 5, kwa hiyo mwendo wako ni noti (maili za baharini kwa saa) 6.7 hivi. Ami akifunga farasi 80 nyuma, tezi itazama, omo (mbele) itainuka, mawimbi yatakuwa makubwa, na soko litabaki palepale.

Kufika karibu na kikomo hicho, farasi 3 hadi 5 kwa kila tani zinatosha. Tuseme na barafu, nyavu, watu na samaki una tani tano: ni farasi 15 hadi 25. Kinachobaki ni akiba ya kupambana na upepo wa Kusi. Hiyo Yanmar wanayoidharau inatosha, mradi gia na propela viende pamoja. Omba giaboksi ya 2.62 kwa 1, yaani injini izunguke mara 2.62 propela ikizunguka mara moja. Propela pana inayozunguka polepole ndiyo inayosukuma mzigo. Ndogo inayokwenda mbio huchafua maji tu.

Mafuta sasa. Dizeli hula takriban robo lita kwa kila farasi kwa saa. Ukitumia farasi 16, ni lita nne. Mashine ya petroli ya tustroki itakula maradufu au zaidi kwa kazi hiyohiyo, na bado unachanganya oili, lita moja kwa hamsini. Kwa watu wanaotoka usiku na kurudi asubuhi, hapo ndipo faida inapokwenda.

Isuzu ni injini ngumu, siisemi vibaya, naifungua kila wiki. Lakini ya lori si ya bahari. Manifoldi yake ya ekzosi ni kavu na hupata moto mkali. Ndani ya mbao zilizolowa dizeli usithubutu. Inataka manifoldi yenye koti la maji, pampu ya maji ya bahari, kipoza cha kubadilishana joto, na giaboksi ya baharini. Usikubali mtu akufungie giaboksi ya lori. Propela ikisukuma maji nyuma, shafti (chuma kinachoizungusha) nayo inasukumwa mbele, na giaboksi ya baharini ina beringi ya kubeba msukumo huo. Ya lori haina, hivyo utaua beringi za ndani. Jumlisha vyote hivyo, kisha linganisha upya na bei ya Yanmar.

Kabla hujalipa hata shilingi, mwambie ami anipimie kipenyo cha shafti, upana kati ya mbao za kitanda cha injini, na anisomee namba zilizopigwa kwenye kitovu cha propela. Halafu aikwaruze propela kwa kisu. Ikitoa rangi ya manjano ni nzima. Ikitoa waridi, chumvi imekula zinki iliyomo na bawa litakatika siku moja mkiwa mbali.

Nahodha wa Shimoni

Mwanangu, fundi amesema kweli, ila ami yako naye asipuuzwe. Mashine ya kupachika unaiinua ukipita juu ya mwamba maji yakitoka, na kijana yeyote wa pwani anaijua Yamaha kwa kupapasa. Ikifa, unaichukua begani na mwenzako hadi kwa fundi. Dizeli ikifa ndani, fundi ndiye atakayekuja kwako, siku atakayopenda yeye.

Kwa mashua ya mbao nzito ningefunga dizeli moja. Kisha, kwa kuwa tezi yenu ni bapa, pachikeni bano la chuma na mashine ndogo ya farasi 15 ya shafti ndefu, ya kurudia nyumbani tu. Iwasheni kila wiki. Mashine ya akiba isiyowashwa huwa haipo siku ya haja. Na msisahau kuwaita wakaguzi wa KMA (Mamlaka ya Bahari Kenya) waione injini mpya.

Mwana wa Gazi (Umoja, Nairobi)

Ahsanteni sana. Ami amepima. Shafti ni inchi moja na robo, imeliwa kidogo pale inapopita kwenye beringi. Kitovu kimeandikwa 16 RH 10. Amekwaruza bawa na kisu: waridi, karibu lote. Kagonga kwa nyundo ndogo, anasema inalia kama gogo.

Nimemsomea hesabu ya noti 6.7 kwenye simu. Amenyamaza, kisha akauliza kama hiyo farasi 15 ya akiba anaweza kuichagua yeye. Nimemwambia ndiyo.

Fundi Dizeli (Kariobangi Light Industries)

Basi propela hiyo ni ya kuyeyusha, na usinunue nyingine kwa namba zilezile. Kipenyo inchi 16 kwa mlalo wa bawa inchi 10, ya kuzunguka kulia (RH), iliwekwa kwa ajili ya Perkins na gia yake. Ukishajua gia ya injini mpya nitumie, tutapiga hesabu ya kipenyo na mlalo wa bawa.

Shafti badilisha pamoja na beringi yake. Na mwambie seremala apenyeze bisibisi kwenye kitanda cha injini, hasa chini ya boliti za nyuma. Mbao iliyokunywa oili miaka mingi huonekana nzima kwa juu.

Jambo moja wasifanye bila mimi: kulinganisha injini na shafti mashua ikiwa bado juu ya magogo. Mbao hubadilika umbo zikiingia majini. Ishusheni, ikae siku chache inywe maji, ndipo tupime kwa geji nafasi kati ya flanji mbili, yaani sahani zinazounganisha gia na shafti. Kwa flanji ya inchi nne, tofauti ya nafasi hiyo isizidi sehemu moja ya kumi ya milimita pande zote. Nitashuka Gazi mwenyewe kwa hilo.