Konjugeti ya dhahabu inageuka zambarau baada ya sentrifuji: tatizo liko wapi?

stripu_na_dhahabu

Habari wadau. Natengeneza stripu za majaribio za kupima HRP2 (protini ya kimelea) ya malaria, kwa konjugeti, yaani dhahabu iliyovishwa kingamwili. Nanochembe za dhahabu ni za nanomita 40, zimepikwa kwa sitreti, OD 1 (kipimo cha ukolezi wa rangi), kilele kiko 528 nm na rangi ni nyekundu safi. Kingamwili iko kwenye PBS (bafa ya chumvi) kwa 0.2 mg/mL. Naweka mikrogramu 10 kwa kila mL ya dhahabu, nasubiri dakika 30, naongeza BSA (protini ya ng'ombe ya kuziba nafasi zilizobaki wazi) hadi 1%, kisha nazungusha kwa 12,000 g dakika 15. pH sijaigusa, karatasi inasoma kati ya 6 na 6.5.

Matokeo: mashapo yanakuwa utando mweusi ukutani mwa kichupa. Nikivuta na kusukuma kwa pipeti yanabanduka vipande vipande, kimiminika kinakuwa zambarau, kilele kinahamia 545 nm na kuvuta mkia mrefu kuelekea 650. Kwenye stripu, rangi nyingi inabaki palepale kwenye pedi, na sampuli hasi zinatoa mstari hafifu wa waridi kwenye T (mstari wa majibu). Kuna aliyenishauri niongeze kingamwili hadi mikrogramu 20. Ndiyo dawa?

mzee_wa_koloidi

Hapana mkuu, hapo utapoteza kingamwili bure. Anza na pH.

Dhahabu ya sitreti ina chaji hasi. Kingamwili nyingi za panya zina pI (pH ambapo chaji zake zinasawazishana) kati ya 6 na 8.5 hivi, kwa hiyo kwenye pH 6.3 yako kuna uwezekano mkubwa ina chaji chanya. Ikishika chembe moja inaivuta na ya jirani, na vishada vidogo vinaanza kujijenga kabla BSA haijaingia. Kwa macho bado unaona nyekundu. Sentrifuji inakuja kuvikandamiza tu, halafu lawama zote zinaiendea yenyewe. Unachotaka ni pH iliyo juu ya pI kwa 0.5 hivi: kingamwili haina chaji kubwa, inakaa juu ya dhahabu bila kuziunganisha chembe. Kama pI huijui, anzia 8.5.

Pandisha kwa kabonati ya potasiamu 0.1 M, mikrolita chache chache huku ukikoroga. Usitumbukize elektrodi ya pH kwenye dhahabu tupu: koloidi inaganda kwenye kiungio cha elektrodi, usomaji unayumba, na elektrodi yenyewe inaharibika. Tumia karatasi yenye hatua ndogo, au chota mL 1 pembeni, tia matone mawili ya PEG 20,000 ya 1% ili kuikinga, pima hiyo kisha umwage.

Sasa stoku yako ya kingamwili. Kwa 0.2 mg/mL unalazimika kuweka mikrolita 50 za PBS kwenye kila mL. Hiyo ni chumvi kama 7 mM baada ya kuchanganyika. Haitoshi kuivunja dhahabu ya nanomita 40, ila pale tone linapodondokea chumvi inakuwa juu sana kwa muda mfupi, na kwa chembe ambazo bado ziko uchi muda huo unatosha. Hamisha kingamwili kwenye borati 2 hadi 5 mM, pH 8.5, kwa dialisisi au safu ndogo ya kuondolea chumvi, na uifikishe 1 mg/mL ili ujazo uwe mdogo.

Halafu soma karatasi iliyokuja na kichupa, na hili ndilo watu wanalolipuuza kuliko yote. Kama stoku ina BSA au gelatini ya kuihifadhi, protini hiyo ni nyingi kuliko kingamwili yenyewe na itakaa kwenye dhahabu kabla yake. Utapata konjugeti nzuri, nyekundu, imara kabisa, isiyoshika antijeni (hapa HRP2) hata kidogo. Dialisisi haiondoi BSA. Nunua kingamwili isiyo na protini ya kuhifadhia, au isafishe kwa safu ya protini A au G.

Kuhusu kiasi, hesabu ni rahisi. Dhahabu ya nanomita 40 kwa OD 1 ina chembe kama 9 × 10¹⁰ kwa mL. Eneo la chembe moja ni takriban nm² 5,000. Ukichukulia kila IgG (molekuli moja ya kingamwili) inakalia nm² 50, zinaenea kama 100 kwa chembe, yaani mikrogramu 2.3 kwa mL. Kwa vitendo watu huishia kati ya 4 na 12 kwa sababu si zote zinazoshika. Ishirini ni nyingi: zile zisizoshika vizuri zinaachia baadaye, zinaelea kwenye stripu na kunyang'anyana antijeni na konjugeti yako.

bafa_borati

Naunga mkono hapo juu. Usibahatishe pH wala kiasi, fanya jaribio la chumvi. Asubuhi moja inatosha na linakula mL chache za dhahabu.

Panga vichupa vya pH 6.5, 7.5, 8.0, 8.5, 9.0 na 9.5, kila kimoja na mikrolita 500 za dhahabu. Tia kingamwili kiasi kilekile kwa vyote, tuseme mikrogramu 5, changanya papo hapo (usiweke tone likakaa juu), subiri dakika 15. Kisha weka mikrolita 50 za NaCl ya 10%. Baada ya dakika 10 soma kwenye 525 na 600 nm. Kadiri 600 inavyopanda ukilinganisha na 525, ndivyo chembe zinavyogandana. Weka pia kichupa kimoja kisicho na kingamwili: hicho lazima kigeuke bluu au kijivu. Kikibaki chekundu, chumvi yako ni dhaifu au dhahabu tayari imevishwa kitu kingine na muuzaji, kwa hiyo jaribio zima halikuambii chochote.

Ukipata pH, rudia kwa kiasi: mikrogramu 0, 1, 2, 3, 4, 6 na 8 kwa mikrolita 500. Chukua kiasi kidogo kabisa kinachobaki chekundu, ongeza kama robo hadi nusu juu yake. Basi.

Tahadhari moja. Jaribio la chumvi linapima kama dhahabu imefunikwa, halipimi kama kingamwili bado inafanya kazi. Chagua pH mbili au tatu zilizofaulu na uzijaribu kwenye stripu nusu (utando na pedi ya kunyonya tu, bila pedi ya konjugeti) ukichovya kwenye kisima chenye konjugeti na antijeni. Mara nyingi pH iliyo imara zaidi siyo inayotoa mstari mkali zaidi.

Na 12,000 g kwa nanomita 40 ni ukatili. Anza 3,000 g dakika 20. Kama kimiminika cha juu bado ni chekundu, ongeza muda kabla ya kuongeza kasi. Mashapo mazuri yanatiririka ukiinamisha kichupa, kama tone la mafuta mazito. Yakinata ukutani, umepitiliza.

stripu_na_dhahabu

Asanteni sana. Kwenye 6.5 na 7.5 vyote vimegeuka, 8.5 na 9.0 vimebaki vyekundu. Kwa 8.5, mikrogramu 3 kwa mikrolita 500 ndiyo ya kwanza kushikilia. Kwa 3,000 g mashapo yanayeyuka bila shida, kilele 531. Ila mstari wa waridi kwenye sampuli hasi bado upo, umepungua tu. Utando nimepaka kingamwili ya kukamata 1 mg/mL, mikrolita 1 kwa sentimita. Bafa ya kuendeshea ni PBS yenye Tween (sabuni) 0.05%.

mpimaji_T_na_C

Kilele kuhama nm 2 hadi 4 kuelekea nyekundu ni kawaida, ndiyo dalili kwamba protini imekaa.

Kwa huo mstari, tenganisha chanzo kwanza. Paka stripu moja kingamwili isiyohusika kabisa (IgG ya panya yoyote) mahali pa T, nyingine paka BSA tupu. Endesha kwa bafa pekee, bila damu.

Mstari ukitokea hata kwenye BSA, konjugeti inanata ovyo: bado kuna dhahabu iliyo wazi. Ongeza muda wa BSA hadi saa moja, jaribu kuongeza kaseini, na pandisha Tween ya kuendeshea hadi 0.5%. Ukitokea kwenye kingamwili ya kukamata tu, hata bila damu, jozi yako ya kingamwili (ya dhahabu na ya utando) inashikana yenyewe kwa yenyewe. Badilisha jozi au geuza, iliyo kwenye dhahabu iende kwenye utando. Ukitokea tu ukiweka damu, fikiria kingamwili za mgonjwa zinazoshika IgG ya panya, au faktori ya rumatoidi. Hizo zinaunganisha dhahabu na mstari bila HRP2 yoyote. Dawa yake ni IgG ya panya iliyokaushwa kwenye pedi ya sampuli izimalize mapema.

Na usisome baada ya muda uliopangwa. Utando unapokauka, mistari ya kizushi hujitokeza.

Kuna kitu kingine cha HRP2 ambacho konjugeti bora haiwezi kurekebisha. Vimelea wakiwa wengi mno, antijeni inajaza dhahabu na mstari kwa pamoja, sandwichi (antijeni katikati ya kingamwili mbili) haijengeki, na T inafifia. Kwa hiyo kwenye mfululizo wako wa antijeni usiishie pale T inapokuwa kali, endelea juu mara 100 uone inaanza kushuka wapi. Upande mwingine, kuna *P. falciparum* waliopoteza jeni za hrp2 na hrp3, na wameripotiwa kwa wingi Eritrea, Ethiopia na Djibouti. Hao stripu yako haitawaona hata kidogo. Mstari wa pili wa pLDH (kimeng'enya cha kimelea) ndio suluhisho.

karboksili

Mbona hakuna anayetaja kuunganisha kwa kifungo kamili? Dhahabu yenye karboksili, EDC na NHS (kemikali za kuunganishia), unamaliza habari ya kuachia.

mzee_wa_koloidi

Inafaa pale sampuli ina sabuni nyingi, au kingamwili kweli haikai kwa pH yoyote. Lakini EDC inaharibika kwenye maji ndani ya dakika chache, inataka pH 5 hadi 6 na bafa isiyo na amini (Tris na glisini marufuku), na dhahabu yenyewe ni ghali zaidi. Kwa mtu aliyeshapata nyekundu imara kwa mikrogramu 6 kwa mL, sioni sababu.

stripu_na_dhahabu

La mwisho: kuhifadhi na kukausha?

bafa_borati

Kama kimiminika: OD 10, borati 20 mM pH 8.5, BSA 1%, azidi ya sodiamu 0.05%, kwenye friji nyuzi 4. Usigandishe, barafu inazisukuma chembe pamoja na hazirudi.

Kwa pedi: ongeza sukari ya miwa 10% na trehalosi 5% kabla ya kupaka. Bila sukari dhahabu inakauka juu ya nyuzi za kioo na haiachii, na hiyo huenda ilikuwa nusu ya tatizo lako la rangi kubaki kwenye pedi. Kausha nyuzi 37 kwa saa 2, au usiku mzima kama hewa ni nzito. Ukiwa Pwani usikusanye stripu kwenye chumba cha wazi: unyevu wa hewa uwe chini ya 30%, na stripu ziingie kwenye mfuko wa foili wenye silika siku hiyohiyo. Pedi iliyonyonya unyevu inaachia rangi kwa mafungu, mstari wa T unatoka wenye madoa, na utarudi hapa kuuliza kuhusu pH ambayo haina kosa.