Mkate wa mashine unabonyea katikati, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Wifi yangu alirudi kutoka Uingereza akaniachia mashine yake ya mkate, ile unatia kila kitu, unabonyeza, unaenda kulala. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Sasa mwezi wa pili huu, mkate unanitia aibu.

Natia maji mililita 320, mafuta vijiko viwili, unga wa ngano gramu 500, chumvi, sukari, na hamira pakiti nzima ya gramu 11. Unaumuka mpaka unagusa kifuniko, halafu ukianza kuiva unadidimia katikati kama shimo la bao. Nipo Dar, jikoni joto usiku kucha. Nahisi hamira imezidi. Kuna aliyejaribu nusu pakiti, au maji ya friji?

Halafu kile kidude kinachokanda kinang'ang'ania ndani ya mkate. Jana nilikichokonoa kwa kisu, nikakwaruza ule weusi wa chombo unaozuia kugandia. Nimejuta jamani. Mkwaruzo ni mdogo kama punje ya mchele, ila je, niendelee kuokea? Siku zote naloweka maji ya vuguvugu na kuosha kwa sponji laini; stilwaya nimeificha, dada asiione.

Na umeme ukikatika katikati, mashine inaanza upya. Lile donge mnalifanyaje? La juzi nilikaangia maandazi, na wanangu wanadai ndiyo bora kuliko mikate yote niliyooka.