Ndoo, polo au matuta? Nataka kupanda mboga nyumbani

Mkaapwani
Assalaam aleikum. Mwezi ukiisha nitashika laki moja na nusu, na safari hii nimeapa haiishii kwenye vitenge. Nataka nipande mboga hapa nyumbani, maana mchicha ukifika dukani kwetu ushanyauka na bei yake inatia hasira. Nimeona watu wanapanda kwenye ndoo, wengine kwenye polo tupu za mchele, na mume wangu anasema nipige matuta tu niokoe pesa. Lipi bora? Nijibuni upesi jamani, kuna mtu anauza ndoo kumi kwa mkupuo na keshokutwa anaziondoa.

Ghorofa ya Tatu
Waaleikum salaam. Chukua ndoo, usiulize tena. Mie nakaa Michenzani, shamba langu lote ni kibaraza cha upana wa mkeka. Ndoo saba za lita 20: pilipili mbuzi, mnanaa, mrehani, bilingani mbili. Tia msumari motoni, toboa matundu chini, weka kokoto kidogo, udongo na samadi, umemaliza. Pilipili sijanunua tangu Mfunguo Mosi.

Maalim Kinongo
Hajasema anakaa wapi na mshampa majibu! Unguja hii ardhi yake si moja. Kuna kinongo, ule udongo mwekundu, kuna kichanga, kuna kinamo cha mfinyanzi mabondeni, na kuna maweni, jiwe tupu. Mtu wa maweni ukimwambia apige matuta atakurudishia mpini wa jembe tu. Bibie, uko wapi? Unatumia maji ya mfereji au ya kisima? Uwani kwako jua linapiga mpaka saa ngapi? Na mboga gani hasa? Mchicha na tungule havilelewi namna moja.

Damu ya Wete
Sisi Pemba hatuna mitihani hiyo. Unatema kokwa, unalala, asubuhi limeota 😄

Mkaapwani
Maalim shikamoo, nisamehe. Niko Jambiani, na uwani ni jiwe tupu, mume wangu anasema tu. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo, ukifulia povu halikai. Mfereji una siku zake. Nataka mchicha, bamia na tungule. Jua lipo kutwa. Na kuna kuku wa jirani, ambaye hatusemezani vizuri.

Maalim Kinongo
Marahaba mwanangu. Basi matuta yafute. Ila na hizo ndoo usizikimbilie. Tatizo lako la kwanza ni maji. Ukitilia maji ya chumvi kila siku kwenye ndoo, maji yanaruka na jua, chumvi inabaki. Wiki za mwanzo utafurahi, halafu ncha za majani zinaanza kuungua kama zimepitishiwa moto. Nunua pipa na mfereji wa bati, kinga mvua. Hizo za masika zikiisha ndipo uhangaike na kisima, na hata hapo changanya.

Mwarubaini Mkubwa
Mie ni mtu wa polo. Polo la mchele la kilo 50 ukilisimamisha linachukua nafasi ya mtu mmoja aliyekaa. Kopo kubwa la maziwa likate juu na chini, lisimamishe katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo, halafu livute kopo juu kidogo kidogo huku unajaza. Ukimaliza una nguzo ya kokoto ndani, maji yanafika mpaka chini. Juu unaweka tungule, ubavuni unatoboa matundu unachomeka mchicha. Polo moja linabeba mboga nyingi.

Ghorofa ya Tatu
Na jua la Jambiani litalila hilo polo kabla ya kaskazi kwisha. Yale meupe yanakuwa unga mkononi. Nishawahi kuliinua moja, nikabaki na masikio yake.

Mwarubaini Mkubwa
Uliliinua la nini? Polo likishajazwa halihamishwi, yakhe.

Niliyeungua Fumba
Nyote mnabishania chombo. Hakuna aliyeuliza udongo unatoka wapi. Ndoo kumi za lita 20 ni lita 200 za udongo, na huyu anakaa juu ya jiwe. Ngoja niwasimulie.

Mie na mke wangu tulihamia huku Fumba, mawe vilevile. Nikampata mtu wa lori akaniapia udongo ni kinongo safi, wa shamba la mikarafuu. Akaja magharibi, giza linaingia, akamwaga, akachukua pesa yake akaondoka. Asubuhi natoka na chai yangu, naona juu kweli mwekundu, chini fusi: vipande vya chokaa, vigae, hata kitasa cha mlango. Nikajisemea si neno, nitachekecha. Siku tatu nachekecha, mgongo umenishika.

Nikapanda miche 24 ya tungule. Wiki ya tano inasinyaa mchana, jioni inaamka, kesho yake inasinyaa tena. Nikaongeza maji. Nikaongeza samadi. Majani yakapiga manjano. Nikang'oa mche mmoja, mizizi ina mafundo mafundo kama tasbihi. Minyoo ya kwenye udongo, nimeinunua na kuilipia usafiri. Na juu yake gugu la ndago! Ile ukiikata inachipua tatu. Ilitoboa hadi nailoni niliyotandika.

Nikampigia. Akaniambia, "Bwana, udongo ni udongo." Mpaka leo mke wangu akitaka kunichokoza ananiuliza lori la pili linakuja lini. Nilikuja kuutandaza na kuufunika nailoni kaskazi nzima uchomwe na jua, ikasaidia nusu. Sasa napanda humo mchaichai tu.

Mkaapwani
Pole sana kaka. Nimecheka kisha nikaogopa. Sasa udongo niutoe wapi?

Kipupwe
Si una pwani mlangoni? Kusanya mwani uliotupwa na maji, changanya na samadi na makumbi ya nazi yaliyooza. Mbolea ya bure.

Maalim Kinongo
Ana maji ya chumvi, unamwongezea mwani wa chumvi!

Kipupwe
Unaoshwa, Maalim. Unautandaza nje mvua za masika zinaupiga wiki kadhaa.

Mkaapwani
Bibi yangu alikuwamo kwenye mwani tangu ulipoanza kulimwa huku kwetu mwaka 1989. Nimemuuliza. Anasema ule wa pwani aliwahi kuutia kwenye migomba ikafanya vizuri, lakini mchicha ulikufa wote. Hakuuosha.

Maalim Kinongo
Mpe salamu zangu bibi. Na tungule usianze nazo kaskazi, joto likizidi maua yanapukutika. Otesha miche masika zikielekea mwisho, zibebe kwenye kipupwe. Na maji yawe kwa kiasi kilekile kila siku. Ukiruka siku mbili kisha ukafurikisha, tunda linaoza kitako na utadhani ni ugonjwa.

Chogo la Bara
Samahani, tungule ndiyo nyanya?

Damu ya Wete
Nyanya ni bibi yako. Tungule ndiyo tungule.

Chogo la Bara
Haya nimenyamaza. Ila kuku mmewasahau, na kunguru. Mie kunguru waling'oa miche yote ya mchicha, hawaili, wanaing'oa tu na kuipanga.

Ghorofa ya Tatu
Hao waliletwa na wakoloni mwishoni mwa karne ya 19 wale taka za mji. Taka zimebaki, wao wamezidi.

Niliyeungua Fumba
Mie nimefunga utepe wa kaseti ya zamani juu ya miche, ukipigwa na upepo unawaka na kulia. Siku nne walikaa mbali. Ya tano mmoja akatua juu yake.

Mwarubaini Mkubwa
Weka wavu wa zamani wa kuvulia, Jambiani haikosekani. Unazuia na kuku wa jirani, bila kugombana.

Mkaapwani
Wavu upo! Yule mwenye ndoo amekubali kuniachia tano. Pesa inayobaki haifiki pipa. Nitazungumza na mume wangu, yeye sasa kahamia kwenye polo.

Kipupwe
Ndoo zilikuwa za nini kabla? Kama ni za rangi ziache.

Ghorofa ya Tatu
Wakati tunasubiri jibu, nani anafanikiwa na kotmiri? Yangu haioti, mara ya tatu hii.

Mwarubaini Mkubwa
Unapanda mbegu nzima? Zisugue kwanza kwa chupa zipasuke vipande viwili, loweka usiku mmoja. Na usiihamishe, haipendi.

Ghorofa ya Tatu
Nilikuwa nazihamisha.